Swichi moja kazi mbili: VLAN zikigoma kuongea unaanzia wapi?

Hii inatokea sana. Mtu kapita Kariakoo kapata swichi ya Cisco, Catalyst 3560 au 3750 used kwa bei ya maelewano, au kanunua MikroTik CRS mpya kabisa, kaja nayo saiti kagawa VLAN nne (mitandao iliyotengwa ndani ya swichi ileile), kila VLAN kaipa IP yake, halafu kakaa anasubiri kompyuta za ofisi zione seva na hakuna kinachoonekana. Hapo ndo simu zinaanza, "fundi umetuletea swichi mbovu". Kwa uzoefu wangu swichi huwa nzima tu.

Shida ni kwamba hilo boksi moja linafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kazi ya swichi, inaangalia MAC (namba ya kifaa ya kiwandani) na kupeleka ndani ya VLAN ileile, na kazi ya ruta, inaangalia IP na kuvusha kutoka VLAN moja kwenda nyingine. Zote ziko ndani ya chuma kimoja kwa hiyo fundi anasahau kwamba moja inaweza kufa na nyingine ikabaki hai. Na paketi ina safari mbili, ya kwenda na ya kurudi. Nikiangalia nyuma karibu kila saiti niliyohangaika nayo ilikuwa moja kati ya haya mawili, ama kazi ya chini, ya swichi, imekufa na sisi tunachezea ya juu, ya ruta, ama paketi imefika salama ila aliyeipokea hajui pa kuirudishia jibu.

Kwenye mifano nitatumia mpango huu: ofisi VLAN 10 ni 10.20.10.0/24, seva VLAN 20 ni 10.20.20.0/24, kamera VLAN 30 ni 10.20.30.0/24, wageni VLAN 40 ni 10.20.40.0/24. Swichi ni .1 kwenye kila VLAN. Kati ya swichi na ruta ya intaneti kuna 10.20.99.0/30, ruta ni .1 na swichi ni .2.

Kabla hujagusa konfigi yoyote piga pingi tatu

Kaa kwenye kompyuta ya VLAN 10. Pingi ya kwanza kwa getiwei yako mwenyewe (mlango wa kutokea VLAN yako), 10.20.10.1. Ikigoma achana kabisa na habari za njia, shida iko chini: porti iko VLAN nyingine, trunki (kiungo kinachobeba VLAN nyingi kwa pamoja) haibebi hiyo VLAN, au intafesi ya VLAN (pale IP ya swichi inapokaa) iko down. Pingi ya pili kwa getiwei ya VLAN ya pili, 10.20.20.1. Ikijibu ujue kompyuta yako ina getiwei sahihi na intafesi ya VLAN 20 iko hai, basi, usishangilie bado maana hapo unaongea na swichi yenyewe na haijakuvusha popote. Pingi ya tatu kwa seva yenyewe, 10.20.20.50. Mbili zikipita na ya tatu ikagoma, aidha swichi haijawashwa kazi ya ruta au seva ndo ina lake jambo.

Dakika moja tu hiyo. Nimeona watu wanafuta konfigi nzima ya swichi kwa sababu ya kamera ambayo haikuwekewa getiwei.

"VLAN zote ziko up ila hakuna inayoiona nyingine"

Kwenye Cisco za familia ya 3560 na 3750 kazi ya ruta inakuja imezimwa. Utaweka IP kwenye intafesi zote, utaona up up kila mstari, na bado haivushi kitu mpaka uandike

ip routing

Ukitaka kuhakikisha bila kubahatisha andika show ip route. Ikiwa imewashwa utaona mistari ya herufi C ya mitandao iliyounganishwa. Ikiwa imezimwa inakuletea maneno kama "Default gateway is..." na "ICMP redirect cache is empty", ukiona hayo umeshapata mchawi wako.

Wenye 2960 msikate tamaa mapema. Ile ni swichi ya leya 2, yaani ile kazi ya chini ya swichi, ila kuanzia IOS 12.2(55)SE inakubali njia za mkono chache, 16 tu, ukibadilisha tempuleti yake (mgao wa nafasi za chipu) kwa sdm prefer lanbase-routing halafu uiriboti. Bila kuriboti haibadiliki, na bila hiyo tempuleti hata amri ya ip routing inaikataa. Kwa ofisi ndogo yenye VLAN nne inatosha kabisa, ila usije ukamwambia mteja umemfungia ruta.

Kwenye MikroTik kitu kama hicho kinaumiza kwa njia nyingine. Kuvusha kumewashwa tangu kiwandani, lakini ukitumia briji (kiunganishi cha porti ndani ya MikroTik) yenye vlan-filtering lazima hiyo briji yenyewe iwe mwanachama wa VLAN kama tagged, siyo porti peke yake:

/interface bridge vlan add bridge=bridge1 tagged=bridge1,ether1 vlan-ids=20

Watu wanaandika tagged=ether1 halafu wanaishia hapo. Matokeo yake VLAN 20 inatembea vizuri kati ya porti na porti ila prosesa haiioni kabisa, kwa hiyo IP uliyoweka kwenye intafesi ya VLAN 20 haijibu mtu. Ndo ile ile, swichi inafanya kazi, ruta iliyo ndani yake imefungiwa nje.

"Intafesi ya VLAN iko down na nimeandika no shutdown mara kumi"

Intafesi ya VLAN kwenye Cisco haiamki kwa kuamrishwa. Inataka VLAN yenyewe iwepo kwenye show vlan brief, na inataka angalau porti moja iliyo hai ndani ya hiyo VLAN, iwe ya aksesi (ya VLAN moja tu, ya kuchomekea kifaa) au trunki inayoibeba, na spanning tree (ulinzi wa mizunguko ya waya) iwe imeshairuhusu kupitisha.

Hilo la kwanza linawapiga wengi kwa sababu ukimpangia porti VLAN ambayo haipo swichi inaitengeneza yenyewe na kukuambia, lakini ukiandika interface vlan 30 haitengenezi chochote. Sasa swichi kuu ambayo ina trunki tu, haina hata porti moja ya aksesi ya VLAN 30, hakuna aliyewahi kuitengeneza pale. Andika vlan 30, toka, angalia tena.

La spanning tree ni la subira tu. Ukichomeka laptop kwenye porti ambayo haina portfast (ruhusa ya kuruka huko kusubiri) subiri kama sekunde 30 hivi, 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza, ndo intafesi iamke. Usianze kubadilisha vitu ndani ya hizo sekunde utajichanganya mwenyewe.

"Ghorofa ya chini wanapata, ya juu hawapati"

Trunki. Angalia show interfaces trunk pande zote mbili, siyo upande mmoja, na usome mstari wa VLAN zinazoruhusiwa.

Hapa nina kovu. Nilikuwa naongeza VLAN ya kamera kwenye chuo kimoja, saa nne asubuhi watu wako darasani, nikaandika switchport trunk allowed vlan 30 nikabonyeza enta kwa kujiamini. Nilisahau neno moja, add. Bila add haiongezi, inafuta orodha yote na kubakiza 30 peke yake, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeingia kwenye swichi kupitia VLAN 10 ya trunki hiyohiyo. Skrini ikaganda. Nikapanda ngazi na kebo ya konsoli mkononi huku naulizwa "intaneti vipi?" kila korido. Sahihi ni

switchport trunk allowed vlan add 30

Na kama unafanya kwa mbali, andika kwanza reload in 10, ukikosea swichi inajiriboti baada ya dakika kumi inarudi ilivyokuwa, ukipatia unaandika reload cancel. Hiyo inakuokoa mradi hujasevu kosa.

"VLAN zote zilifutika zenyewe baada ya kuongeza swichi ya pili"

Hii ni ya swichi za mtumba na ukiikuta unaweza kuamini uchawi. Kuna kitu kinaitwa VTP, kinasambaza orodha ya VLAN kwenye swichi zote za jina moja la domeni, na mwenye namba kubwa ya marekebisho ndo anaaminiwa. Swichi used inakuja na faili lake la vlan.dat kutoka huko ilikotoka, labda ilikaa ofisi kubwa miaka sita na namba yake ni 87, yako ni 4. Domeni zikilingana, au ya kwako ikiwa tupu, maana swichi yenye domeni tupu inachukua ya kwanza inayoisikia kwenye trunki, basi orodha yako inatupwa inachukuliwa ya mgeni. VLAN 10 na 20 zinatoweka, porti zake zinabaki hazina makazi, intafesi zote zinaanguka down, na wewe unaona "kuvusha kumekufa" wakati aliyekufa ni leya 2.

Futa vlan.dat kwenye kila swichi ya mtumba kabla haijagusa waya wako, delete flash:vlan.dat halafu reload. write erase peke yake haiiondoi. Na zote weka vtp mode transparent. Mimi binafsi sijaona saiti ya swichi tano ambayo VTP imeisaidia kuliko ilivyoiharibia.

"VLAN zinaongea ila intaneti hakuna"

Hapa ndo penye utamu, tupaangalie taratibu.

Kwanza kwenye swichi yenyewe. Kabla hujawasha ip routing ulikuwa na ip default-gateway na swichi ilikuwa inatoka nje vizuri. Ukishawasha ip routing ule mstari hausomwi tena, umebaki pambo. Unahitaji njia ya kila kitu:

ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 10.20.99.1

Sasa ukiwa ndani ya swichi ping 8.8.8.8 inajibu, unafurahi, unamwambia mteja ajaribu, anasema bado. Kwa nini? Kwa sababu pingi ya swichi imetoka na anwani 10.20.99.2, jirani wa ruta kabisa, ruta anamjua. Kompyuta inatoka na 10.20.10.25 na ruta hajawahi kusikia mtandao huo. Paketi inafika kwake, inaweza hata kutoka nje, jibu likirudi ruta anatazama 10.20.10.25, hana njia ya kwenda huko, anafuata njia yake ya kila kitu na kulitupa upande wa intaneti. Jaribu hivi kutoka kwenye swichi:

ping 8.8.8.8 source vlan 10

Ile ya kawaida ikipita na hii ikagoma, achana na swichi, nenda kwenye ruta. Kama ni MikroTik mwambie

/ip route add dst-address=10.20.0.0/16 gateway=10.20.99.2

Halafu angalia NAT, ule ubadilishaji wa anwani za ndani kuwa ya nje. Kama sheria yake ya masquerade imeandikwa kwa out-interface huna shida, lakini kama fundi aliyetangulia aliiandika kwa src-address ya mtandao wa zamani, tuseme 192.168.88.0/24, basi VLAN zako mpya zinatoka nje na anwani za ndani na hakuna atakayezijibu. Na usihangaike kutafuta amri ya NAT kwenye 3560 au 3750 yako, hazifanyi NAT. Hiyo kazi inabaki kwa ruta au faiawoli.

"Pingi inakubali ila tovuti ya ndani inazunguka tu haifunguki"

Hii inachosha kuliko zote kwa sababu pingi inakudanganya. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba ruta ya zamani bado ina mguu ndani ya VLAN 10, hamkuutoa mlipoleta swichi mpya kwa kuogopa kuharibu, na baadhi ya kompyuta bado zinaitumia kama getiwei. Kompyuta inamtumia ruta, ruta anaipeleka kwa swichi, swichi inafikisha seva. Seva inajibu kwa swichi, na swichi iko hapohapo VLAN 10 kwa hiyo inamkabidhi kompyuta moja kwa moja bila kupita kwa ruta. Kwenda njia hii, kurudi njia ile. Faiawoli ya ruta imeona salamu ya mwanzo, haikuona jibu, halafu inamuona kompyuta anaendelea na mazungumzo kana kwamba alijibiwa. Inasema hii paketi batili, inaidondosha. Pingi haina habari na hayo, inapita.

Dawa ni kutoa mguu wa ruta kwenye VLAN ya watumiaji. Ruta na swichi wakutane kwenye ile /30 peke yake na kompyuta zote ziwe na getiwei moja. Kuna wanaozima tu sheria ya kudondosha batili, inafanya kazi ndiyo, ila umefungua mlango ili usitafute funguo.

"Kompyuta zinapata 169.254"

169.254 ni anwani kompyuta inayojipa yenyewe ikikosa ya DHCP, ile huduma ya kugawa IP. Maombi ya DHCP ni ya kutangaza, hayavuki VLAN. Kama seva ya DHCP iko VLAN 20 weka kwenye intafesi ya VLAN ya watumiaji, siyo ya seva:

interface vlan 10
ip helper-address 10.20.20.50

Halafu uhakikishe seva ina bwawa (akiba ya IP za kugawa) la 10.20.10.0, maana inachagua bwawa kwa kuangalia anwani ya intafesi iliyoleta ombi, na seva yenyewe iwe na getiwei sahihi la sivyo jibu linabaki kwake. Wakipata IP ila ya ajabu, 192.168.1 kitu, kuna mtu kachomeka ka-ruta ka nyumbani chini ya meza. Andika arp -a uone MAC ya getiwei, halafu show mac address-table kwenye swichi uifuate mpaka porti.

"Kifaa kimoja tu ndo hakionekani"

Vingine vyote vinaonekana, hiki kimoja ndani ya VLAN yake kinajibu, kutoka VLAN nyingine kimya. Hilo si la swichi. Kamera, NVR (mashine ya kurekodi kamera) na printa zinaongoza, mtu kaweka IP na maski akaacha getiwei wazi. Kama ni Windows, faiawoli yake kwa kawaida inakataa pingi kutoka nje ya mtandao wake, kwa hiyo jaribu huduma yenyewe kabla hujahukumu.

Na kuna la maski. Niliwahi kubadilisha Cisco ya zamani nikaweka MikroTik na printa tatu zikakata mawasiliano siku hiyohiyo. Printa hizo zilikuwa na maski ya 255.255.0.0 badala ya 255.255.255.0, kwa hiyo ziliamini 10.20.10.25 ni jirani wa mlango na zilikuwa zinaiita moja kwa moja kwa ARP (kuulizia MAC ya mwenye IP) bila kupitia getiwei. Cisco kwa kawaida ina proxy ARP imewashwa, ilikuwa inaitika kwa niaba, miaka yote ile imeficha kosa la mtu. MikroTik haifanyi hivyo usipoiambia. Lawama nikabeba mimi.

Simu kutoiona TV ya kurushia picha iliyo VLAN nyingine ni kesi tofauti. Vifaa hivyo vinatafutana kwa 224.0.0.251 na hiyo anwani haivushwi, njia zako hata ziwe sawa vipi.

"Tuliweka ACL kuzuia wageni, sasa hata intaneti hawapati"

Mwisho wa kila ACL (orodha ya ruhusa na makatazo) kuna kataza-yote isiyoonekana. Mtu anaandika deny moja ya wageni kwenda seva halafu haweki permit ip any any, amefunga kila kitu mpaka DHCP. Mwelekeo nao unachanganya: kwenye interface vlan 40, in maana yake kinachotoka kwa wageni kuingia kwenye swichi. Na kama DNS yenu iko VLAN 20 ruhusu hiyo kwanza juu ya deny, la sivyo wageni wana intaneti isiyofungua jina lolote. Kumbuka pia hizi ACL hazina kumbukumbu kama faiawoli. Ukizuia VLAN 40 kwenda VLAN 10, ofisi nayo haitaweza kuprinti kwenye printa iliyoko kwa wageni, maana jibu la printa linakatwa njiani. Neno established linasaidia kwa TCP tu.

"Inafanya kazi ila inakokota"

Swichi inatakiwa kuvusha kwa chipu, siyo kwa prosesa. Kwenye 3560 na 3750 cheki show sdm prefer, ukikuta tempuleti ya vlan ujue hiyo haina nafasi hata moja ya njia kwenye chipu, kila paketi ya kuvuka inabebwa na prosesa. Rudisha default, riboti.

Kwenye MikroTik CRS326-24G prosesa ni kiini kimoja cha 800MHz, haiwezi kubeba jengo. Weka RouterOS 7 na uwashe l3-hw-offloading kwenye swichi, utaona matumizi ya prosesa yanashuka palepale. Ila ujue kitakachotokea, paketi zinazovushwa na chipu hazipiti kwenye sheria za faiawoli ulizoandika, kwa hiyo wageni uliowazuia jana leo wanaiona seva. Hizo sheria zihamishie kwenye ACL za swichi kabla hujawasha.

"Umeme ulikatika, ulivyorudi hakuna kitu"

Hukusevu. Dalili yake iko wazi ukiijua: show vlan brief inakuonyesha VLAN zote zipo na majina yake, lakini porti zote ziko VLAN 1, intafesi hazina IP na ip routing haipo. VLAN zinakaa kwenye vlan.dat na zinajisevu zenyewe, hayo mengine yanasubiri wewe uandike write memory. Yajaze upya, sevu, halafu chomoa umeme mwenyewe mchana kweupe ukiwa bado uko saiti uone inarudi na nini.